Kontakta ya Mara kwa Mara

Muleba,
14 Julai 2024

Mjomba Mihayo, shikamoo.

Nimefika salama, na sanduku langu limefika na kufuli lake. Mwambie Mama kwamba dagaa alizonikaangia zimekwisha. Zilikwisha siku ile ile, kwa sababu bweni zima lilikuwa limeshanusa kabla sijafungua. Huku asubuhi kuna ukungu, tunakwenda misa bila kuonana nyuso. Nimehamishiwa kitanda cha juu na ninaogopa kugeuka. Masomo ni magumu lakini hayajanishinda.

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametukataza kuandika "dhumuni la barua hii". Anasema dhumuni lijionyeshe lenyewe. Basi sitaliandika.

Karatasi uliyoiweka chini ya sare zangu ilinitia matatani. Sista Kokugonza, mlezi wetu wa bweni, hukagua masanduku, na husoma kila barua inayotoka na inayoingia. Aliniita ofisini.

"Betri, waya mkubwa, moto. Mjomba wako anatengeneza nini?"

"Ndege, Sista."

"Ndege wa kufuga?"

"Ndege ya kuruka, Sista. Ameitengeneza mwenyewe huko Buswelu. Imebaki umeme tu."

Akanitazama sana, kisha akasema tumwombee. Kwa hiyo unaombewa kila jioni, kati ya wagonjwa na wasafiri.

Sasa kazi uliyonipa ya kukutafsiria Kiingereza cha karatasi ile. Kwanza nieleze nilivyokuelewa, unisahihishe. Kontakta ni swichi kubwa inayokaa karibu na betri. Rubani hawezi kuukata kwa mkono waya mnene kama kidole gumba, kwa hiyo mbele yake kuna swichi ndogo. Akiibonyeza, umeme kidogo unakwenda kuivuta ile kubwa, nayo inasema tak. Hapo betri imekutana na ndege nzima. Akizima, inaachia. Moshi ukitokea, swichi hiyo ndogo ndiyo ya kwanza kuguswa.

Kwenye karatasi yako kuna kontakta mbili, na kwa macho ni mapacha: kopo dogo la chuma, boliti mbili nene juu, mbili nyembamba pembeni. Ya kwanza imeandikwa kwamba ni ya kazi ya moja kwa moja. Ya pili ni ya kazi ya mara kwa mara. Nimetumia kamusi kubwa ya maktaba na nimeyarudia maneno yote. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi.

Na umeandika tena "lubani" na "kuluka". Ni rubani, Mjomba, na ni kuruka. Ndege haiwezi kuluka.

Mpwa wako anayekukumbuka,
Odeta


Kiseke,
3 Agosti 2024

Mpwa wangu Odeta,

Marahaba. Balua yako imefika, nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo mlangoni mwa banda la ndege. Kosa hilo la kwanza nimeandika makusudi ili upate kazi. Mengine utakayoyakuta ni ya kwangu. Mkono huu ulizaliwa Magu na hautafundishwa ukubwani.

Huku hatujambo. Mama yako mzima, vitenge vyake pale Kirumba vinakwenda pole pole. Bado akija Buswelu analizunguka banda kwa mbali kama lina mbwa. Juzi aliniambia, "Kaka, wenzako wanajenga nyumba, wewe unajenga kitu cha kukuua." Nikamwambia nyumba nazo huwaangukia watu. Akasema, "Lakini hupandi nayo juu kwanza." Ukipata jibu niandikie.

Sasa kontakta. Nimeyafikiri sana maneno yako mawili. Hii ya moja kwa moja nimeikataa. Kitu kikishika moja kwa moja, kinaachiaje? Mimi nataka kitu cha kukata. Siku moshi ukitoka, nikizima swichi nataka kisikie na kitii.

Ya mara kwa mara ndiyo yangu. Unakumbuka nilivyokusimulia kazi ya kiwandani. Mitambo ya vyumba vya kugandisha minofu ya sangara ilikuwa inawaka na kuzima mara kwa mara, mchana na usiku, na kontakta zake zinasema tak, tak, mpaka mtu ukilala nyumbani unazisikia. Nimezihudumia tangu sina mvi na sikuona hata moja ikichoka kwa kushika. Kwa hiyo kitu kilichotengenezwa kwa kazi ya mara kwa mara ni kitu kigumu. Nakijua.

Pankaj, mwenye banda, ataagiza kupitia kwa binamu yake aliyeko nje. Aliniuliza ipi, nikaweka kidole juu ya picha ya pili. Najua utauliza kwa nini sikumpa yeye asome, na Kiingereza ni chake tangu utotoni. Sikiliza. Tangu marehemu baba yake aliponipa banda hili nijengee ndege, Pankaj anaamini nilisoma chuo cha ufundi. Mimi sikumwambia hivyo. Alisema mwenyewe siku moja mbele ya wageni, na mimi sikumkatiza. Kwa hiyo hilo la wewe kunisomea libaki kwetu wawili.

Jambo jingine. Walikuja watu wenye kamba wakapima kiwanja cha Buswelu. Ndugu zake Pankaj wanataka kukiuza. Pankaj amewaomba wangoje kwanza mkaguzi wa ndege aje kutoka Dar. Mkaguzi akisema ndege hii inafaa kuluka, banda linabaki. Akisema haifai, tunatoka. Amekubali kuja mara moja tu, hana safari ya pili. Usimwambie mama yako, atafurahi.

Soma kwa bidii. Kiti cha nyuma bado hakijakaliwa na mtu.

Mjomba wako,
Mihayo


Muleba,
25 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini hii itakukuta ukiwa juu ya ndoo ile ile. Mimi ni mzima. Nilipata mafua, yakapita. Tumefanya jaribio la fizikia na nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni msichana ambaye baba yake ni daktari, lakini hajui kushika bisibisi. Nilimwona akijaribu kufungua plagi kwa kijiko.

Sista Kokugonza anauliza kila wiki kama ndege imeruka. Nikisema bado, anasema, "Basi tuendelee kuomba," kwa sauti ya mtu anayeomba isiruke.

Nilisoma habari ya kiwanja mara nyingi. Sikumwambia Mama. Ninaomba nikuulize kitu kimoja na usikasirike: wakiuza, ndege itakwenda wapi? Haiwezi kupita kwenye lango la nyumbani ikiwa na mabawa. Lakini labda hilo si swali la kuuliza sasa.

Kuhusu kontakta nimefurahi kwamba umechagua. Mimi nilidhani "moja kwa moja" maana yake si kwamba haizimiki. Nilidhani ni kama mtu anayefanya kazi bila kusimama. Nilitaka kukuandikia hivyo, kisha nikafikiri wewe umeishi na kontakta maisha yako yote na mimi nimeishi na kamusi siku moja. Wewe ndiye fundi.

Kuhusu Mama, jibu ni hili: mwambie nyumba haimfikishi mtu popote. Lakini usiseme kwamba limetoka kwangu.

Niwekee kiti cha nyuma. Usimpe mtu hata akiomba vizuri.

Odeta


Kiseke,
21 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba na habali za huko. Huku joto limeanza, ziwa limejaa upepo wa mchana na vumbi la Buswelu lote limehamia kwenye chai yangu. Nilimpa mama yako lile jibu. Alisema, "Hilo ni la Odeta." Sijui amejuaje.

Kontakta imefika. Nilikaa nayo mkononi kama mtu aliyepewa kifaranga. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Nimeifunga nyuma ya kiti chako, pembeni mwa betri, kwa boliti zenye mpira chini ili isitikisike. Waya nimezibana mwenyewe zote. Halafu nikamwita Pankaj, nikakaa mbele, nikabonyeza swichi.

Tak.

Odeta, nilitokwa na machozi mbele ya Pankaj, nikasema ni vumbi. Akasema, "Ndiyo fundi, vumbi jingi leo." Tukawasha injini. Pangaboi likazunguka mpaka kuku wa jirani wakahamia barabarani, na yule mama mwenye kuku akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni. Aliponiona nimekaa ndani alisahau alichokuja kugombea. Akauliza, "Kinapanda kweli?" Nikamwambia kinapanda. Akauliza, "Na kushuka?"

Tuliacha injini ingurume kidogo, tukazima, kwa sababu petroli ni ya kuhesabu na kuku pia. Kesho yake tena, kidogo. Kila mara ilisema tak, na nikizima inaachia vizuri. Nilipoishika ilikuwa na joto kama sahani ya chakula. Vitu vipya huwa hivyo, baadaye vinazoea.

Mkaguzi anakuja tarehe kumi na sita Oktoba. Pankaj amepaka rangi mlango wa banda. Mimi nimefua ovaroli. Ni mara ya kwanza tangu tuanze naona kwamba kitu hiki kitaondoka chini. Siwezi kumwambia mtu mwingine maneno haya, wangecheka.

Lubani wako,
Mihayo


Muleba,
6 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo. Leo salamu ni hiyo tu.

Usiitumie ile kontakta. Itoe.

Ijumaa tulikuwa na somo la jiografia. Mwalimu Pius alikuwa anafundisha mito. Alisema kuna mito inayotiririka mwaka mzima, na kuna mito inayotiririka mvua ikinyesha, kisha inakauka na kupumzika mpaka mvua nyingine. Hii ya pili akaiandika ubaoni kwa Kiingereza. Ni neno lile lile, Mjomba. Neno la kontakta ya pili.

Nilinyoosha mkono. Nikauliza kama neno hilo si "mara kwa mara". Akasema, "Kamusi inaweza kusema hivyo, lakini mara kwa mara kwetu ni kitu cha kila wakati. Hili ni kinyume. Ni kitu cha vipindi, kinakuja na kuondoka."

Nilikimbia maktaba. Katika kamusi kuna maana mbili. Ya kwanza ni mara kwa mara. Ya pili, chini yake, ni "-a vipindi". Nilichukua ya kwanza.

Kwa hiyo kontakta uliyofunga ni ya kushika kidogo tu, kama ya kuwashia stata, kisha ipumzike. Ikishikilia muda mrefu itaungua. Ndiyo sababu ilikuwa na joto. Haitazoea. Ile ya moja kwa moja ndiyo ya kushika safari nzima bila kupumzika, na swichi ikizimwa inaachia kama nyingine. Uliikataa kwa sababu ya neno langu, na nyingine uliichagua kwa sababu ya neno langu.

Mwambie mkaguzi asubiri. Mpe Pankaj karatasi aisome. Najua ulivyosema kuhusu Pankaj, lakini mpe.

Nitampa Sista barua hii leo, na nitamwomba iende na gari la kesho.

Odeta


Kiseke,
12 Oktoba 2024

Mpendwa mpwa wangu Odeta,

Marahaba. Barua yako imefika leo, mapema kabisa, nami nakushukuru. Nimeitoa ile kontakta mara moja na kuiweka kando. Umefanya vizuri kuniarifu. Hakuna kilichoharibika.

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu miwani yangu imevunjika.

Mkaguzi ameahirisha safari yake. Hatujui atakuja lini. Rubani anasubiri, ndege inasubiri, na wewe usubiri ukiwa darasani. Mtihani wa mwisho wa mwaka u karibu, usiuruhusu moyo wako kurukaruka huku Buswelu. Mambo ya ndege tutayazungumza ukirudi.

Sote tu wazima. Mama yako anakusalimu.

Mjomba wako,
Mihayo


Muleba,
10 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Tumeanza mtihani. Kiswahili kimepita vizuri, hesabu sijui. Mvua inanyesha kila siku na sketi zetu hazikauki. Bwenini kwetu kuna mtoto wa Kidato cha Kwanza anayelia akisikia radi, nimemhamishia kitandani kwangu huko juu, kwa hiyo sasa tunaogopa kugeuka wawili.

Mama alikuja siku ya wazazi akaniletea barua yako. Alileta na dagaa. Alikaa na mimi kwenye benchi la nje ya kanisa, na alikuwa ananisuka nywele ambazo hazikuhitaji kusukwa. Nilimuuliza, "Mama, ndege vipi?" Akasema, "Mjomba wako mzima." Mimi sikuwa nimemuulizia Mjomba.

Barua nimeisoma mara nyingi. Niliitafuta "balua" moja tu, au "lubani", au "kuluka". Hakuna. Kila r iko mahali pake. Na hiyo u ya mwisho wa neno, yenye mkia uliopinda juu, ndiyo iliyo kwenye karatasi za bei za vitenge pale Kirumba. Nimekua nikiiona.

Jana Sista Kokugonza aliniita. Alikuwa amekaa na hakunisimamisha, aliniambia nikae na mimi. Aliniuliza kama barua yangu ya Oktoba ilifika salama. Alisema alipoisoma haikuwa na salamu za kutosha, na ilisema itoe, itaungua, akafikiri ni ugomvi wa kifamilia au jambo baya zaidi, akaiweka kwenye droo amngoje Mkuu wa shule arudi safari. Ilitoka hapa na gari la tarehe ishirini na moja. Aliniomba radhi. Nilimwambia ilifika mapema.

Barua yako imeandikwa kwamba ni ya tarehe kumi na mbili.

Sitakuuliza kitu kingine, Mjomba. Nakuuliza hiki tu: mkono wako unaendeleaje?

Odeta


Kiseke,
23 Novemba 2024

Odeta,

Marahaba. Hii naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Ile nyingine aliandika mama yako. Ile tarehe nilisema mimi, yeye alikataa kuiandika, tukabishana, akaiandika. Kumbe tulidanganya mtu anayesoma hata mikia ya herufi.

Nitakueleza mara moja, halafu basi.

Mkaguzi alikuja tarehe kumi na sita kama alivyosema. Mtu mpole, ana kofia ya jua. Aliuzunguka mwili wa ndege akiugonga kwa kucha na kusikiliza, kama mama anayechagua tikiti. Alisema kazi ya mabawa ni nzuri. Nakuandikia hilo kwa sababu alilisema. Halafu akaniambia niwashe, niiache injini ingurume mpaka yeye aseme basi.

Hakusema basi haraka. Ndiyo kazi yake.

Ilianza harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Nikageuka nikaona moshi nyuma ya kiti chako. Nikazima swichi. Haikusema kitu. Nikawasha, nikazima tena. Kimya. Ndani ilikuwa imeyeyuka na kushikana, imekuwa ya moja kwa moja. Injini niliifungia petroli ikafa, lakini betri ilikuwa bado inasukuma umeme kwenye waya, na waya zinawaka. Nikauchomoa waya wa betri kwa mkono. Hapo ndipo mkono ulipokwenda. Pankaj na mama wa kuku walimwaga mchanga. Mkia umeungua, na bawa la kushoto, lile alilolisifu.

Kontakta ilipopoa mkaguzi aliishika kwa kitambaa akasoma maandishi yake. Akauliza, "Nani alichagua hii?" Nikasema mimi. Akasema, "Hii ni ya kushika sekunde chache, ipumzike. Hukuona?" Nikasema sikuona. Hakuandika maneno mengi.

Nilisema mimi, kwa sababu ni mimi. Kidole kilikuwa changu. Wewe ulinipa maneno mawili, na mtu mzima akayapa maana anayoipenda. Na joto lile nililishika kwa mkono wangu mwenyewe nikaliita upya. Balua yako ingefika tarehe kumi na mbili ningeitoa kweli kontakta. Ilifika tarehe ishirini na tatu Oktoba, nikiwa nimetoka hospitali. Mama yako alinisomea. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja.

Pankaj aliniuliza tukiwa njiani kwenda hospitali, "Fundi, ulisoma chuo gani?" Nikamwambia darasa la saba, Magu. Tulipofika alinishika bega nikiteremka.

Kiwanja kimeuzwa. Watajenga ghala la saruji. Injini imechukuliwa na mtu wa Mkolani, atafungia mashine ya kusaga. Mwili wa ndege tuliukokota kwa mkokoteni mpaka hapa Kiseke. Uliuliza zamani utapitaje langoni. Hauna mabawa, umepita. Uko nyuma ya jiko. Mama yako, yule aliyekuwa anazunguka kwa mbali, alikuja na turubai la meza yake ya sokoni akaufunika mwenyewe, akafunga kamba pembe zote. Siku ya mvua anauza vitenge akiwa ameshika mwavuli.

Vidole viwili daktari anasema havitakunja tena. Bisibisi haishikiki. Watu wanakuja na redio zao niwatengenezee, nawarudisha.

Usinitafsirie kitu kingine. Si hasira. Hakuna ukurasa mwingine.

Swichi ndogo bado iko mahali pake mbele ya kiti. Jioni nyingine naingia chini ya turubai naibonyeza. Haisemi kitu.

Mihayo


Muleba,
1 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Asante kwa balua yako. Sitaisahihisha.

Mitihani imekwisha. Tunafunga Ijumaa, na mimi nitafika Jumamosi jioni, Mungu akipenda. Mwambie Mama asije stendi, akae tu sokoni na mwavuli wake, mimi nitapita hapo kumsaidia kubeba.

Sitakuomba msamaha kwa barua, kwa sababu najua utaniandikia tena kwamba kidole kilikuwa chako. Nitafika kwanza.

Sista Kokugonza aliniruhusu nifanye jambo ambalo haliruhusiwi. Nimeandika kwa penseli ndani ya kamusi ya maktaba, pembeni mwa neno lile: "hufanya kazi, kisha hupumzika". Alisimama nyuma yangu akitazama, akasema niandike kwa herufi zinazosomeka. Kama kuna msichana mwingine ambaye mjomba wake anajenga ndege, atalikuta.

Na jioni bado anakutaja. Zamani ulikuwa kati ya wagonjwa na wasafiri. Nilimwambia akuhamishe upande wa wagonjwa. Alifikiri kidogo, akasema atakuacha katikati.

Najua ndege haitaruka. Sitakuomba unidanganye. Nimeshawaza yote, hata mashine ya kusaga ya Mkolani ikinguruma kwa injini yetu. Lakini kiti cha nyuma nilikuomba usimpe mtu, na hukusema kwamba kimeungua. Kama kimeungua nitakalia ndoo.

Jumamosi usile mapema. Tuingie wote chini ya turubai, wewe mbele, mimi nyuma, kama tulivyokubaliana. Bonyeza swichi kwa mkono wowote ulio nao.

Mimi nitasema tak.

Mpwa wako,
Odeta